MTI NA MKONO: NAFASI YA MPINGO KATIKA UHAKIKI WA VINYAGO VYA KIMAKONDE

Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa zetu tumezoea kuigawa kazi ya msanii katika mafungu mawili, yaani fani na maudhui. Mgawanyo huo umetufaa sana katika kuchambua riwaya, tamthilia na mashairi, na kila mwalimu wa shule ya sekondari anaufahamu vema. Lakini tunapouchukua kama ulivyo na kuupeleka kwenye kinyago, tunaacha nje jambo moja kubwa. Mshairi hapambani na karatasi. Karatasi ikiwa nyeupe au ya manjano, nzito au nyepesi, shairi hubaki lile lile. Mchongaji hayuko katika hali hiyo. Yeye hupambana na mti tangu pigo la kwanza la tezo hadi msasa wa mwisho, na mti huo una umri wake, una tabia zake, una kasoro zake, na aghalabu una ukaidi wake. Kwa hiyo katika uchongaji kuna jambo la tatu ambalo mhakiki analazimika kulitazama pamoja na fani na maudhui, nalo ni mti wenyewe.

Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo kwa kutumia mfano wa mpingo na vinyago vya Kimakonde. Hoja yetu ni hii: thamani ya kinyago cha mpingo haimo katika weusi wake, wala katika mng'aro wake, wala katika wingi wa sura zilizochongwa juu yake. Thamani hiyo imo katika jinsi mchongaji alivyolijibu gogo alilopata. Kwa miaka mingi wanunuzi wa kigeni, na sisi wenyewe pia, tumekisifu kinyago kwa sababu ni cheusi na kinateleza. Sifa hiyo ya juu juu imewafundisha baadhi ya wachongaji hila, imeipunguzia sanaa hadhi yake, na imechangia kuupoteza bure mti ambao haukui kwa haraka.

Tabia za mti wenyewe

Yafaa kwanza tuufahamu mti. Wataalamu wa mimea wanauita mpingo *Dalbergia melanoxylon*, nao ni wa jamii moja na mimea ya kunde. Huota katika nchi nyingi za Afrika, tangu Senegali hadi Ethiopia, na kushuka hadi Angola na Msumbiji. Kwetu Tanzania unajulikana zaidi katika mapori ya kusini, hasa mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Si mti wa fahari kwa umbo. Kimo chake ni baina ya mita 4 na 15, matawi yake yana miiba, shina lake mara nyingi limepinda au limegawanyika karibu na ardhi, na wakati wa kiangazi hupukutisha majani. Mpita njia asiyeujua anaweza kuupita asiutazame mara ya pili.

Utajiri wake umo ndani. Ukikata shina utaona sehemu mbili zilizo mbali kwa rangi. Nje kuna utando mwembamba wenye rangi nyeupe inayoelekea manjano. Ndani kuna kiini chenye rangi ya zambarau iliyokolea, au hudhurungi nzito, ambayo kwa macho huonekana kuwa nyeusi. Kiini hicho ni miongoni mwa mbao nzito kabisa duniani. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina uzito wa kilo 1,200 hivi au zaidi kidogo, ilhali maji ya ujazo huo huo yana kilo 1,000. Ndiyo maana kipande cha mpingo hakielei. Huzama kama jiwe. Nyuzi zake ni laini na zimebanana mno, nao una mafuta yake ya asili. Mchwa hawaushambulii kwa urahisi, na kuoza kwake ni kwa shida.

Sifa hizo hizo ndizo zinazomtaabisha fundi. Mpingo hufifisha makali ya patasi na msumeno kwa haraka, na msumari hauingii mpaka tundu litobolewe kwanza. Vumbi lake huwawasha baadhi ya watu ngozi na pua. Ukikaushwa kwa pupa hupasuka, hususan kwenye ncha za gogo, ndiyo sababu mafundi waangalifu huzipaka ncha hizo nta na kuliweka gogo kivulini kwa muda mrefu. Mhenga aliyesema haraka haraka haina baraka angeweza kabisa kuwa anazungumza na mkata mpingo.

Juu ya hayo, mti huu hauna haraka ya kukua. Kwa kawaida huchukua miaka 70 hadi 100, na pengine zaidi, kufikia unene wa kuvunwa. Aliyepanda mche hatauvuna yeye. Atauvuna mjukuu wake. Katika miaka hiyo yote moto wa pori hupita mara kwa mara. Mti mkubwa huweza kuuhimili, lakini mara nyingi hubaki na jeraha, na jeraha hilo huingiza uozo katikati ya shina. Kwa hiyo magogo mengi ya mpingo, hata yanayopendeza kwa nje, yana uwazi au ufa ndani. Msomaji aliweke akilini jambo hili la uwazi na ufa, kwani tutalirudia.

Mpingo kabla ya soko la vinyago

Binadamu ameujua mti huu tangu zamani sana. Wamisri wa kale waliuagiza kutoka nchi za kusini mwao na kuutumia katika samani za wafalme. Neno lao la kuuita, *hbny*, ndilo lililopita katika lugha ya Kiyunani na kuzaa jina ambalo leo Wazungu wanalitumia kwa miti mingine myeusi isiyo na udugu na mpingo. Katika vijiji vyetu mpingo ulipewa kazi zinazohitaji ugumu na uimara: michi ya kutwangia, bakora, vitana, na mipini ya visu. Makaa yake yana moto mkali. Mizizi na magamba yake yametumiwa na waganga. Na lugha yetu nayo haikuusahau, kwa kuwa mtu mwenye weusi uliokolea tunamwambia ni mweusi kama mpingo.

Hata hivyo kuna jambo linalowashangaza wanafunzi wengi wanapoelezwa kwa mara ya kwanza. Wamakonde hawakuwa na desturi ya kuchonga vinyago vyao vya jadi kwa mpingo. Barakoa za ngoma za jando, zinazoitwa mapiko upande wa Msumbiji na midimu upande wa Tanzania, zilichongwa kwa mti mwepesi, tena kwa sababu iliyo wazi: barakoa huvaliwa kichwani na mchezaji anayeruka na kuzunguka. Barakoa ya mpingo ingemvunja shingo. Kazi iliyokusudiwa ndiyo iliyochagua mti.

Basi mpingo uliingiaje? Uliingia pamoja na safari na soko. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Wamakonde wengi walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wakikimbia kazi za shuruti na kodi za Wareno, wakaja kutafuta ajira katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika na katika mji wa Dar es Salaam. Miongoni mwao walikuwamo wachongaji. Katika miaka ya 1950 walikuta mjini wanunuzi waliotaka vitu vya kudumu, vizito na vyeusi, na wakakuta wafanyabiashara, mmoja wao Mohamed Peera, waliowapatia magogo ya mpingo na kununua kazi zao. Katika mazingira hayo, wakiwa mbali na ngoma za kwao lakini na ustadi wa mikono yao wakiwa nao, wachongaji hao walianza kuzungumza na mti mgeni.

Historia hii inavunja maoni mawili yaliyoenea. La kwanza ni lile la watalii, linalodai kwamba kila kinyago cheusi ni mabaki ya ibada za kale zisizobadilika. La pili ni lile la baadhi ya wasomi, linalodai kwamba kwa kuwa vinyago hivi vilizaliwa sokoni, basi ni bidhaa tu na wala si sanaa. Maoni yote mawili yana kosa moja: yanamtazama mnunuzi na kumsahau mchongaji. Soko lilileta gogo na fedha. Soko halikumwambia mtu jinsi ya kuugeuza mti mgumu, mwembamba, uliopinda na wenye uwazi ndani, ukawa sura yenye uhai. Jibu hilo lilitoka kwa wachongaji wenyewe, na ndilo tunalopaswa kulihakiki.

Mitindo mitatu mbele ya gogo

Vinyago vya kisasa vya Kimakonde hugawanywa katika mitindo kadhaa. Hapa tutaitazama mitatu iliyo mashuhuri: ujamaa, shetani na mawingu.

Mtindo wa ujamaa, ambao wachongaji wanauita pia dimoongo, unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Ni nguzo ya watu wengi waliopandana na kushikana, mmoja akisimama juu ya bega la mwingine, mama, baba, watoto na wazee, kwa kawaida mtu mmoja akiwa kichwa cha nguzo nzima. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 jina la ujamaa lilipata uzito mpya, na kinyago hiki kikatazamwa kama picha ya siasa ya taifa. Maudhui yake yamekwisha elezwa mara nyingi: umoja, utegemeano, ukoo na mwendelezo wa vizazi. Lakini ni nadra kuulizwa ni kwa nini maudhui hayo yalipata umbo la nguzo. Tukilitazama gogo la mpingo tutapata sehemu ya jibu. Gogo hili ni jembamba na refu. Halina upana wa kuwasimamisha watu kumi bega kwa bega, bali lina kimo cha kuwapandisha watu kumi, mmoja juu ya mwingine. Aidha, kwa kuwa nyuzi zake zimebanana, mchongaji anaweza kutoboa na kupenya baina ya mikono na migongo mpaka mwanga uonekane upande wa pili, na bado mti usivunjike. Mti laini usingelistahimili hilo.

Hapo ndipo tunapata kipimo cha kutofautisha ujamaa ulio bora na ulio dhaifu. Katika kazi bora macho yetu yanaweza kuufuata mzigo. Tunaona mguu wa huyu ukilemea bega la yule, tunaona bega hilo limeshuka kidogo, na tunaona mkono wa tatu umeinuka kusaidia. Uzito halisi wa mpingo unasaidiana na uzito unaochongwa, na utegemeano hauwi tena wazo la kuhubiriwa bali jambo linaloonekana. Katika kazi dhaifu gogo limebaki gogo. Sura zimebandikwa kuuzunguka mzingo wake kama muhuri, zote na macho yale yale na midomo ile ile, hakuna anayembeba mwenziwe, na ukimwondoa mmoja hakuna atakayeanguka. Kazi ya namna hiyo yaweza kuwa na watu hamsini na isiwe na ujamaa hata kidogo. Ni msongamano tu. Kwa bahati mbaya bei hupangwa mara nyingi kwa kuhesabu vichwa, na mchongaji anayelipwa kwa vichwa atachonga vichwa.

Mtindo wa shetani unahusishwa na Samaki Likankoa, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuchonga viumbe vya porini visivyofuata umbo la binadamu: jicho moja, mdomo uliopasuka, tumbo lenye tundu, mguu unaogeuka kuwa mnyama. Wahakiki wengi wameyatafuta maana ya mashetani hayo katika imani na hadithi za Kimakonde, na hapana shaka maana hizo zimo. Lakini tuutazame pia mti. Magogo mengi ya mpingo yamepinda, yana mifereji, yana uozo na uwazi. Mchongaji anayetaka kutoa sura ya mwanadamu iliyonyooka analazimika kuyatupa au kuyakata vipande vidogo. Mchongaji wa shetani hana haja ya kutupa. Ufa unakuwa mdomo, uwazi unakuwa tumbo lenye njaa, kipindo kinakuwa shingo inayogeuka kututazama. Utando mweupe wa nje, ambao wengine huuondoa kwa bidii, unaweza kuachwa uwe ngozi, ukosi au pembe. Katika mtindo huu kasoro ya mti imefanywa kuwa mali ya msanii, na ndiyo sababu mashetani mawili yaliyo bora hayawezi kufanana: hakuna magogo mawili yaliyojeruhiwa kwa namna moja.

Shetani nalo lina udhaifu wake. Ajabu ikitafutwa kwa ajili ya ajabu tu, mchongaji huongeza jicho hapa na pembe pale bila gogo kumtaka afanye hivyo. Hapo hatuogopi wala hatucheki. Wahenga walisema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Twaweza kuongeza kwamba kilichochongwa bila kuusikiliza mti hakimtishi hata jirani.

Mtindo wa mawingu unahusishwa na Clements Ngala. Hapa hakuna umati wala pembe. Kuna mkunjo mwembamba unaopanda, unaojifungua na kujifunga, wenye dokezo la uso au mkono, kama wingu linavyodokeza umbo na kulipoteza. Kwa maoni yetu huu ndio mtindo unaomfichua fundi kuliko yote. Katika ujamaa, jicho la mtazamaji hukimbilia sura. Katika shetani, hukimbilia ajabu. Katika mawingu hakuna pa kukimbilia. Kama mchongaji amekata kinyume cha nyuzi, mkunjo utavunjika au utaonyesha wasiwasi. Kama ameufuata mti, mkunjo utaonekana kama uliota hivyo. Na ulaini wa uso wake hapo una sababu, kwani ndio unaouwezesha mwanga kuteremka juu ya mti bila kujikwaa.

Weusi wa kupaka

Sasa tuje kwenye uovu tulioutaja mwanzoni. Mnunuzi anayetafuta weusi atauziwa weusi. Kwa kuwa mpingo ni adimu na ni ghali, kumezuka desturi ya kuchonga kwa mti mwingine mwepesi na kuupaka rangi ya viatu mpaka uwe mweusi kuliko mpingo wenyewe. Kuna pia wanaochonga kwa mpingo wa kweli, lakini wakaupaka utando wake mweupe rangi ile ile ili kinyago kizima kiwe na rangi moja.

Aina ya kwanza ya hila ni rahisi kuigundua. Pima uzito kwa mkono. Geuza kinyago utazame chini, mahali ambapo rangi haikufika vizuri. Kwaruza kidogo kwa ukucha au kisu: mpingo utaendelea kuwa na rangi nzito ndani, bali mti uliopakwa utaonyesha weupe. Kichovye kipande kidogo majini utazame kama kitazama. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nasi tunasema kwamba katika mpingo wa kweli kile kipande cha mti cha ndani ndicho uzuri wenyewe.

Aina ya pili ni ngumu zaidi, na kwa mhakiki ina madhara makubwa zaidi, kwa sababu haimdanganyi mnunuzi juu ya mti bali inamnyima mtazamaji ukweli wa mti. Mstari ule mweupe unatuonyesha mahali ambapo gogo lilikomea. Unatuonyesha ni kiasi gani mchongaji alichimba, na ni wapi aliamua kusimama. Kuufunika kwa rangi ni sawa na mwandishi kufuta alama zote za kituo ili ukurasa upendeze. Lawama, hata hivyo, isiwekwe juu ya mchongaji peke yake. Yeye ana watoto wa kulisha, na amejifunza kutokana na wanaomlipa kwamba weupe ni hasara. Tuliomfundisha hivyo ni sisi tunaonunua, tunaoonyesha na tunaofundisha.

Gogo la kiwanda na gogo la msanii

Mpingo una mteja mwingine mkubwa, naye ni mtengenezaji wa ala za muziki. Klarineti za kwanza za Ulaya zilitengenezwa kwa mti mwingine wa manjano, lakini kuanzia karne ya 19 mpingo ulichukua nafasi yake, na leo klarineti, obo, filimbi ndogo za okestra na zumari za mfuko za Uskoti hutengenezwa kwa mti huu. Sababu ni zile tulizozitaja: nyuzi zilizobanana, mafuta ya asili, na uimara unaouwezesha mti ukerezwe na kutobolewa kwa vipimo vya hali ya juu, kisha uvumilie unyevu wa pumzi bila kubadilika ovyo. Watu wengi wanaousikiliza muziki huo katika kumbi za Ulaya na Marekani hawajui kwamba sauti wanayoipenda inapita katika mti wa Kilwa au Nachingwea.

Kiwanda cha ala, hata hivyo, kinataka kipande kilichonyooka, kisicho na ufa, kisicho na fundo, kisicho na weupe. Kwa ajili hiyo ni takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya gogo, na mara nyingi pungufu, inayofaa. Iliyobaki inaitwa taka. Hapa mhakiki wa sanaa anaweza kutoa mchango ambao mtaalamu wa misitu hawezi kuutoa peke yake. Neno taka ni hukumu ya kiwanda, si hukumu ya mti. Gogo lililopinda, lenye uwazi na mistari myeupe, ambalo kiwanda hulikataa, ndilo hasa lililozaa mtindo wa shetani. Tukiwafundisha vijana wetu kuupenda ufa, kipindo na mstari mweupe, tutakuwa tumewapa wachongaji soko kwa magogo ambayo hayana ushindani na klarineti. Tukiendelea kuwafundisha kupenda weusi mtupu ulionyooka, tutakuwa tumewapeleka wachongaji na viwanda kugombea miti ile ile michache.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2017 mpingo, pamoja na jamaa zake wengine wa jenasi hiyo, umewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ingawa mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha tengenezwa zililegezewa masharti. Majirani zetu wa Kenya wamekwisha onja upungufu. Wachongaji wa Kikamba walitumia mpingo na muhugu kwa miaka mingi. Miti hiyo ilipopungua, wengi wao waligeukia mwarobaini, mti unaokua upesi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini tuuone kwa macho ya mhakiki: mti ukibadilika, sanaa nayo hubadilika. Mwarobaini hauzami, haung'ai kwa njia ile, wala hauzuii mkono kwa ukaidi ule. Utazaa umbo lake wenyewe, lakini hautauzaa tena ujamaa wa mpingo.

Yapo pia mambo ya kutia moyo. Huko Moshi, mtaalamu wa mimea Sebastian Chuwa, aliyefariki mwaka 2014, aliwaongoza wanafunzi na wanavijiji kuotesha miche ya mpingo kwa miaka mingi. Katika Wilaya ya Kilwa, mwaka 2009, misitu ya asili inayosimamiwa na vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika. Hapo mwanakijiji si mtazamaji anayeona malori yakipita, bali ni mwenye msitu, anayejua idadi ya miti iliyokatwa na bei iliyolipwa.

Tuhakikije?

Kutokana na yote hayo, tunapendekeza kwa walimu na wanafunzi maswali manne ya kukitazama kinyago cha mpingo. Kwanza, gogo hili lilikuwa na umbo gani kabla ya kuchongwa, na mchongaji amelitumia au amelipinga? Pili, uzito umo wapi, na je, tunauona ukibebwa? Tatu, nyufa, mafundo na weupe wa mti vimepewa kazi, au vimefichwa? Nne, ukikizungusha kinyago na kukitazama mgongoni na chini, je, mchongaji amekuwa mkweli huko pia, au amechonga kwa ajili ya dirisha la duka?

Maswali haya hayafuti fani na maudhui. Yanaviwekea msingi. Mwanafunzi aliyezoea kuandika kwamba ujamaa unaonyesha umoja ataanza kuuliza ni ujamaa upi, uliochongwa kwa gogo lipi, na unaonyesha umoja huo kwa njia gani. Hapo atakuwa amepita mlango wa kukariri na kuingia katika nyumba ya uhakiki. Mwalimu naye hahitaji vifaa vya gharama. Mchi mkuukuu wa mpingo kutoka jikoni, kipande cha mti mwepesi cha ukubwa ule ule, na ndoo ya maji vyatosha kuanzisha somo.

Hitimisho

Utamaduni wa taifa hauhifadhiwi kwa kujaza makabati ya vioo. Huhifadhiwa kwa kuujua ubora na kuudai. Gogo la mpingo linalofika leo mikononi mwa mchongaji lilichipua kabla ya Uhuru, na pengine kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Limepita mioto na ukame likaongeza unene wake kidogo kidogo. Kulitumia gogo hilo kwa sura zilizonakiliwa na kulimalizia kwa rangi ya viatu ni kuupoteza umri wa mti na ustadi wa mtu kwa wakati mmoja. Mchongaji anayeulizwa swali jepesi na mnunuzi wake atatoa jibu jepesi. Wajibu wa shule zetu ni kumlea mtazamaji mwenye swali zito, ili mkono wa mchongaji nao upate sababu ya kujibu kwa uzito wa mti alioushika.